Programu za Balozi za Elimu na Utamaduni: Mwongozo Kamili kwa Mkazi wa Mwanza na Kanda ya Ziwa

Ibara ya 3 ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu Uhusiano wa Kidiplomasia inaorodhesha kazi za ubalozi, na miongoni mwake imo kazi ya kukuza uhusiano wa kirafiki na kuendeleza uhusiano wa kiuchumi, kiutamaduni na kisayansi baina ya nchi mbili. Ndiyo maana katika ubalozi mkubwa, mbali na dirisha la viza ambalo watu wengi hulijua, ipo pia idara inayoshughulikia habari kwa umma, utamaduni na elimu, na huko ndiko yanakotoka matangazo ya ufadhili wa masomo, ziara za mafunzo, mihadhara na ruzuku ndogo za utamaduni. Idara hiyo haigawi sadaka. Inatafuta watu watakaokwenda, watakaojifunza, kisha watakaorudi na kubaki kiungo kati ya nchi yake na mahali walikotoka. Mwombaji anayelijua hilo huandika maombi yasiyofanana kabisa na ya yule anayedhani amekwenda kuomba msaada.

Kwa mtu wa Mwanza, Sengerema au Ukerewe kuna pia suala la umbali. Makao makuu ya nchi ni Dodoma, lakini balozi karibu zote bado ziko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka stendi ya Nyegezi. Umbali huo huwafanya wengi waamini kwamba nafasi hizi ni za watu wa Dar, jambo ambalo si kweli, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi siku hizi hufanyika kwa mtandao na safari halisi hubakia ya usaili na ya viza tu.

Hatua ya kwanza: jua mlango kabla ya kubisha

Kosa linalowagharimu watu muda mwingi kuliko yote ni kudhani kwamba kila ufadhili unaotangazwa na ubalozi huombwa ubalozini. Ubalozi hutangaza mengi ambayo hauyaamui. Kabla hujaandika sentensi moja ya maombi, soma tangazo hadi mwisho ukitafuta jibu la swali moja: ni nani atakayepokea faili langu na ni nani atakayeamua?

Zipo programu ambazo ubalozi wenyewe ndio huchuja. Ufadhili wa serikali ya Japani, unaojulikana kwa jina la MEXT, unazo nafasi za aina hiyo: ubalozi hutangaza, hupokea karatasi, huwapa waliovuka mchujo wa karatasi mtihani wa maandishi na usaili, kisha hupeleka majina Tokyo, na mwombaji aliyevuka hatua hiyo ndipo huanza kutafuta barua za kukubaliwa kutoka vyuo vikuu vya Japani. Kwa nafasi za watafiti wa shahada za juu, umri ni sharti la msingi, na anayekaribia miaka 35 asikae akisubiri mwaka mwingine. Chevening ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1983, ina utaratibu wake: fomu hujazwa kwenye mtandao na kusomwa nje ya nchi, lakini usaili huendeshwa na ubalozi. Inalipia shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, inataka uzoefu wa kazi usiopungua saa 2,800, ambazo ni sawa na miaka miwili hivi, inataka uchague kozi tatu za vyuo vya Uingereza, na inakufunga urudi nyumbani kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Kazi za kujitolea na za muda huweza kuhesabiwa katika saa hizo, hivyo mwalimu aliyefundisha kwa kujitolea Magu kabla ya kuajiriwa asiziache pembeni.

Mlango wa pili ni wizara. Stipendium Hungaricum ya Hungaria, iliyoanza mwaka 2013, humtaka mwombaji ajaze mfumo wa Hungaria na wakati huohuo apendekezwe na mamlaka ya nchi yake, ambayo kwa Tanzania ni Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Anayejaza upande mmoja tu huwa amejitoa mwenyewe bila kujua. Baadhi ya nafasi za Jumuiya ya Madola nazo hupitia taasisi za kitaifa za uteuzi. Kwa sababu hiyo, tovuti ya wizara inastahili kutazamwa mara kwa mara kama zinavyotazamwa kurasa za balozi, tena kwa makini zaidi, maana wizara huweka tarehe yake ya mwisho, ambayo aghalabu hutangulia ile ya nchi mfadhili.

Mlango wa tatu ni chuo. Kozi za maendeleo zinazofadhiliwa na DAAD, shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kitaaluma, huombwa, kwa sehemu kubwa, moja kwa moja kwenye kozi yenyewe, kila moja ikiwa na tarehe yake. Kwa kawaida hutaka uzoefu wa kazi wa miaka miwili na shahada ya mwisho ambayo haijapita miaka sita. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya huombwa kwa muungano wa vyuo vinavyoendesha kozi husika. Kumwandikia afisa wa ubalozi akusaidie kuingia huko ni kumsumbua bure, kwa sababu hana kauli.

Mlango wa nne ni mwajiri, na huu ndio watumishi wa umma wa Kanda ya Ziwa wanaousahau zaidi. Kozi fupi za ITEC, programu ya India ya ushirikiano wa kiufundi iliyoanza mwaka 1964, na mafunzo ya JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, huhitaji saini na muhuri wa taasisi unayofanyia kazi. Afisa uvuvi wa halmashauri, muuguzi wa Bugando au mkufunzi wa chuo cha uvuvi cha Nyegezi yuko karibu na nafasi hizi kuliko kijana asiye na ajira mwenye shahada mbili. Matangazo yake mara nyingi huishia kwenye faili la ofisi ya utumishi, na mwenye kuyapata ni yule aliyekwenda kuuliza.

Mwisho kuna programu zisizo na fomu kabisa. Programu ya Marekani ya kuwaalika viongozi wa fani mbalimbali, IVLP, haiombwi. Maafisa wa ubalozi ndio huwateua watu ambao kazi zao wameziona. Njia pekee ya kuifikia ni kufanya kazi inayoonekana na kuhudhuria shughuli ambazo maafisa hao wapo. Anayekuuzia fomu ya programu hiyo anakuibia.

Hapo ndipo pa kusema neno kuhusu vishoka. Chevening, MEXT na DAAD hazitozi ada ya maombi. Gharama halali zipo, kama vile mtihani wa lugha, pasipoti na vipimo vya afya, lakini hulipwa kwa taasisi zinazotoa huduma hizo, si kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Tangazo likikufikia kupitia kundi la simu, tafuta lilelile kwenye tovuti rasmi ya ubalozi au ya mfadhili. Usipoliona huko, liache.

Hatua ya pili: nyoosha majina na karatasi

Tatizo kubwa la karatasi kwa waombaji wetu ni majina kutofautiana. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cheti cha kidato cha nne kina matatu, namba ya NIDA imeandikwa jina la babu kwa herufi nyingine, na shahada imerudi na jina la ubatizo ambalo nyumbani halitumiki. Mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi bila usumbufu hadi siku ya kuomba pasipoti au viza. Weka vyeti vyote mezani, andika jina kama lilivyo katika kila kimoja, kisha amua lipi litakuwa jina la safari. Tofauti ndogo ya herufi huweza kumalizwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili, ilhali badiliko la jina lenyewe huhitaji hati ya kisheria iliyosajiliwa, na masahihisho ya cheti cha kuzaliwa hupitia RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Shughuli hii huchukua muda usiotabirika, kwa hiyo ianze hata kama hujachagua programu.

Pasipoti ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa Tanzania mwaka 2018, hugharimu shilingi 150,000, fomu hujazwa kwenye mtandao wa Uhamiaji, na mkazi wa Mwanza hushughulikia maombi yake katika ofisi ya Uhamiaji ya mkoa. Siyo kila programu inayodai pasipoti siku ya kuomba, lakini kuisubiri hadi uchaguliwe ni kujitafutia presha isiyo ya lazima.

Kuhusu matokeo ya chuo, omba transkripti kamili mapema, iwe umesoma SAUT pale Malimbe, CUHAS au kwingineko, na wakati uleule uombe barua inayothibitisha kwamba masomo yako yaliendeshwa kwa Kiingereza. Baadhi ya vyuo vya nje huikubali barua hiyo badala ya mtihani wa lugha. Pale inapokataliwa, utalazimika kufanya mtihani wa Kiingereza kama IELTS, ambao matokeo yake kwa kawaida hutumika kwa miaka miwili. Usiufanye mapema mno ukaja kuisha kabla ya kutumika.

Nakala zithibitishwe na wakili kwa muhuri unaosomeka, kisha ziskaniwe kwa rangi, kila hati faili lake, lenye jina linaloeleweka. Ukitumia steshenari ya mjini, hakikisha mafaili yako yamefutwa kwenye kompyuta yao kabla hujaondoka. Vyeti vilivyoachwa kwenye kompyuta za watu huwa malighafi ya waghushi.

Hatua ya tatu: andika ukiwa umesimama ulipo

Hapa ndipo nafasi nyingi hupotea. Wasomaji wa maombi hukutana na mamia ya watu wanaosema wanapenda kuisaidia jamii, wana ndoto ya uongozi na watakuwa mabalozi wazuri wa nchi yao. Maneno hayo hayana ubaya, ila hayamtofautishi mtu na mwingine. Mwombaji wa Kanda ya Ziwa ana jambo ambalo wa mji mkuu hana: anaishi kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, linalogawanywa na nchi tatu, ambamo uvuvi, afya, usafiri, maji ya kunywa na taka za mji vimefungamana. Karibu kila fani inaweza kuzungumzwa kwa kulitazama ziwa hilo.

Tuchukue mfano wa mtu anayetaka kusomea teknolojia ya chakula. Sentensi ya kwanza inayomjia kichwani ni: «Nataka kusoma ili nikirudi nisaidie kupunguza umaskini wa wavuvi.» Aiache. Aanze na anachokijua: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, huanikwa asubuhi, na sehemu kubwa bado huanikwa mchangani, mvua ikinyesha kabla hawajakauka, mzigo hushuka daraja na mara nyingine huishia kuwa chakula cha kuku, wanaoumia kwanza ni wanawake walionunua kwa ndoo alfajiri na kutegemea kuuza Mwaloni, Kirumba. Baada ya hapo aeleze alichokwisha kufanya, hata kama ni kidogo: alishiriki kutengeneza vichanja vya kuanikia, alifundisha kikundi kimoja kupima ukavu, alilinganisha bei ya dagaa wa kichanja na wa mchangani. Ndipo aseme ni ujuzi gani anaukosa, kozi ipi inaufundisha, na akirudi ataupeleka wapi: kwenye taasisi ipi, kwa cheo gani, akianza na nani. Maelezo ya namna hiyo hayahitaji misamiati mikubwa. Msomaji aliyeko London au Berlin huona kwamba mtu huyu atarudi, kwa sababu ana kazi inayomsubiri.

Chevening, kwa mfano, huuliza kuhusu uongozi, kujenga mahusiano ya kikazi, sababu za kusoma Uingereza na mpango wa kazi. Watu wengi hulielewa vibaya swali la uongozi na kuorodhesha vyeo: kiongozi wa darasa, katibu wa kwaya, mwenyekiti wa chama cha wanafunzi. Cheo si jibu. Eleza tukio moja ambapo watu walikuwa hawakubaliani au kazi ilikuwa imekwama, wewe ukafanya nini, nini kikabadilika. Kuhusu sababu za kuchagua nchi, epuka sifa za jumla ambazo zingeweza kubandikwa kwa nchi yoyote. Taja kozi, maabara au mtaala na uunganishe na pengo ulilolieleza. Na umaskini wa nyumbani, kama upo, utajwe pale tu unapoeleza jambo. Hausimami kama hoja peke yake.

Maandishi yako yasomwe na watu wawili: mmoja wa fani yako, ambaye atakamata makosa ya kitaalamu, na mwingine asiyejua chochote kuhusu fani hiyo. Huyo wa pili ana faida zaidi, kwa sababu mahali anapouliza maana yake nini ndipo msomaji wa ubalozi naye angekwama.

Hatua ya nne: wadhamini na usaili

Mdhamini mzuri, yaani mtu wa kukuandikia barua ya kukupendekeza, ni yule anayeijua kazi yako kwa karibu, hata kama hana jina kubwa. Barua ya mkuu wa mkoa aliyekuona mara moja kwenye maadhimisho ina uzito mdogo kuliko ya msimamizi wako wa kila siku. Mpe mapema wasifu wako, tangazo lenyewe na mambo matatu unayotamani ayataje kwa mifano, halafu mkumbushe kwa heshima. Ni jambo la kawaida mhadhiri kumwambia mwanafunzi aiandike barua mwenyewe yeye aweke saini. Likikufika, msihi angalau abadilishe maneno kwa lugha yake, maana barua mbili zenye mtindo uleule wa uandishi hugundulika haraka.

Usaili ukiwa wa Dar es Salaam, fika siku moja kabla. Ukiwa wa mtandao, chagua mahali penye umeme wa akiba, uwe na bando la mtandao wa pili wa simu, na umwandikie mratibu mapema kumpa namba mbadala. Maswali hayatoki nje ya ulichoandika, na kwa hiyo rudia kusoma maombi yako mwenyewe. Wapo wanaoulizwa kuhusu kozi yao ya pili wakashindwa hata kuitaja.

Usitegemee nchi moja tu. Bajeti za mambo ya nje hubadilika kwa uamuzi wa kisiasa: mapema mwaka 2025 malipo ya programu kadhaa za mabadilishano za Marekani yalisimamishwa kwa muda, na watu waliokuwa wamepanga maisha yao kuzifuata wakajikuta wanasubiri. Kalenda nayo husaidia kupanga. Kwa kawaida Chevening hufunguliwa Agosti, Hungaria hufunga Januari, na nafasi za MEXT za ubalozini hutangazwa katikati ya mwaka. Kwa mpangilio huo mtu mmoja anaweza kuomba zote tatu kwa mwaka mmoja akitumia karatasi zilezile, ingawa hoja haziwezi kuwa zilezile.

Kwa shule, vyuo na vikundi vya utamaduni

Idara ya habari na utamaduni ya ubalozi huhudumia taasisi pia, na upande huu unatumika kidogo sana huku kwetu. Shule, chuo au maktaba inaweza kuandika barua kuomba mhadhara wa mtaalamu mgeni, vitabu, onyesho la filamu au ziara ya afisa anapokuja Kanda ya Ziwa kwa shughuli nyingine. Barua iwe ya ukurasa mmoja, yenye saini ya mkuu wa taasisi, ikitaja mada, idadi na aina ya wasikilizaji, ukumbi, na wiki mbili au tatu zinazofaa badala ya siku moja. Maafisa hawa husafiri kwa ratiba iliyopangwa mapema, nao hupenda kuunganisha shughuli nyingi katika safari moja. Chuo kikishirikiana na sekondari mbili za jirani katika barua moja, huwa kimewarahisishia uamuzi.

Kwa vikundi vya ngoma na makumbusho, mifano ya kuanzia ipo hapahapa. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, yaliyoanzishwa na Padre David Clement wa Wamisionari wa Afrika, na sherehe za Bulabo za mwezi Juni ambapo Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, hushindana kwa ngoma, ni urithi unaoendana moja kwa moja na ruzuku kama Mfuko wa Mabalozi wa Marekani wa Kuhifadhi Utamaduni, uliobuniwa mwaka 2001. Ruzuku za namna hiyo huangalia usajili wa taasisi, akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, na bajeti ambayo kila mstari wake unaelezeka. Kikundi kisicho na kumbukumbu za vikao wala hesabu, hata kiwe na manju hodari namna gani, hakitavuka mchujo wa kwanza. Kwa hiyo kazi ianzie kwa katibu na mweka hazina.

Usisahau pia udugu wa miji. Mwanza na Würzburg ya Ujerumani zina uhusiano tangu mwaka 1966, na ushirikiano wa kitabibu kati ya Würzburg na Bugando ni miongoni mwa matunda yake. Tampere ya Finland nayo imeshirikiana na Mwanza kwa miaka mingi. Safari za kubadilishana walimu, wanafunzi na wataalamu kupitia njia hii hazipiti ubalozini isipokuwa kwa viza, na pa kuuliza ni ofisi za Halmashauri ya Jiji.

Hatua ya tano: ukishachaguliwa

Barua ya ushindi ikifika, anza na mwajiri. Mtumishi wa umma anahitaji ruhusa ya masomo na kibali cha kusafiri nje, navyo hupanda ngazi kwa ngazi hadi juu ya halmashauri. Anayekwenda kusomea shahada aombe pia hati ya kutokuwa na pingamizi kutoka TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kwa Uingereza, viza ya zaidi ya miezi 6 hudai kipimo cha kifua kikuu kinachofanyika Dar es Salaam katika kliniki ya IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Panga kipimo hicho na miadi ya viza katika safari moja. Kwa Marekani, soma vizuri fomu za viza ya J, ambayo ni ya programu za mabadilishano, kwa kuwa washiriki wengi wa programu zinazolipiwa na serikali hufungwa na sharti la kuishi nyumbani miaka miwili kabla ya kuomba viza ya kazi au ukaazi wa kudumu huko.

Ukiwa masomoni, tunza kila karatasi: barua ya udahili, transkripti ya kila muhula, cheti, na pasipoti yenye mihuri ya kuingia na kutoka hata kama imeisha muda. Ukirudi Mwanza na kutaka shahada yako itambuliwe kazini, TCU ndiyo itakayoitathmini, na wenye faili kamili hawalazimiki kuandikiana barua na chuo kilichoko bara jingine.